Kuacha Lami, Kuingia Porini na Kiwanjani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wapanda Pikipiki wa Dodoma

Haya ndiyo maswali tunayoulizwa kila mtu akisikia fulani ameacha safari za barabara kuu, na pikipiki yake sasa anaipakia kwenye kirikuu Jumamosi asubuhi. Yamepangwa kuanzia ya mwanzo kabisa. Aliyekwisha kuanza aruke mpaka sehemu ya tatu.

## Kabla hujaamua

1. Kuacha lami maana yake nini? Sitapanda tena pikipiki barabarani?

Tunamzungumzia mtu aliyekuwa anaendesha kwa raha: Dodoma–Morogoro na kurudi, Singida wikiendi, au Kondoa kwenda kunywa chai tu. Anaacha safari hizo. Badala yake anaendesha kwenye njia za vumbi, makorongo na vilima, au kiwanjani, yaani eneo lililofungwa ambako wote wanazunguka upande mmoja na hakuna basi wala bajaji.

Wengine wanaendelea kwenda nayo kazini mjini kwa mwendo wa pole. Wengine hawaigusi lami kabisa. Hakuna anayekula kiapo.

2. Mbona lami ndiyo imekuwa nzuri sasa?

Ndiyo sababu yenyewe. Barabara ya Dodoma hadi Babati, kilomita 251, ilizinduliwa mwaka 2018 ikiwa lami tupu. Ilipokuwa rafu, kila mtu alikwenda taratibu, awe na basi au pikipiki. Leo basi linakupita likiwa na haraka zake, na upepo wake peke yake unakusukuma mpaka kwenye changarawe. Upande wa Singida kuna malori ya Rwanda, Burundi na Kongo. Lori linapita lori jingine, dereva anakuwashia taa, na wewe unayekuja upande wako halali unatakiwa ushuke barabarani. Haki ni yako, tani ni zake.

Wengi walioacha hawakuogopa mwendo. Walichoka kuweka roho yao mikononi mwa dereva ambaye hawajui kama amelala jana.

Halafu kuna wenye pikipiki kubwa. Pikipiki ya cc 1000 inapita kilomita 100 kwa saa ikiwa gia ya kwanza, na kila kijiji kikomo ni 50, na trafiki wa tochi yuko chini ya mti. Umelipia uwezo ambao huna pa kuutumia.

3. Kwa hiyo porini ni salama zaidi?

Utaanguka mara nyingi kuliko ulivyowahi kuanguka kwenye lami. Hilo lijue mapema. Tofauti iko kwenye namna ya kuanguka. Porini mwendo ni kilomita 20, 30, 40 kwa saa, na mwendo ukipungua kwa nusu, nguvu ya kishindo inapungua hadi robo. Hakuna wa kukutana naye uso kwa uso akiwa na abiria sitini.

Kinachoumia porini ni mtulinga, kifundo cha mkono, kifundo cha mguu na goti. Ni maumivu ya kweli na yanagharimu. Anayehama lami ili asiumie amejidanganya. Anayehama ili asiuawe kwa kosa la mtu mwingine ana hoja.

Mambo mawili yanaweza kuigeuza hesabu hii yote: kwenda peke yako (swali la 17) na kuruka matuta kabla ya wakati (swali la 12).

4. Nimeendesha miaka kumi. Naanza upya?

Karibu upya. Uzoefu wa lami unakusaidia kwenye klachi na gia, na unakuponza kwenye karibu kila kitu kingine. Umezoea kukaa, huku inabidi usimame. Umezoea barabara kushika tairi, huku tairi la nyuma linateleza muda wote na hiyo ndiyo hali ya kawaida. Umezoea breki ya mbele iwe mkombozi. Kwenye mchanga huku umekata kona, breki hiyo hiyo inakulaza chini kabla hujajua kilichotokea.

Kijana wa Chamwino aliyekulia kwenye Boxer akibeba magunia ya ufuta atakuacha mbali mwezi wa kwanza. Mfuate nyuma, tazama anapoweka tairi.

## Pikipiki

5. Boxer au TVS inafaa kuanzia?

Inafaa. Watu wanaishi nazo vijijini kila siku, na vipuri vipo hadi kwenye kibanda cha fundi wa njia panda. Weka tairi zenye meno, ondoa vioo na chochote kinachoning'inia, punguza jino moja kwenye sproketi ya mbele ili iwe na nguvu kwenye mwendo mdogo. Kitakachokuangusha ni shokapu: ni fupi na zimetengenezwa kubeba mzigo. Usiziombe ziruke.

6. Nikitaka ya porini hasa, ninunue ipi?

Angalia uzito kwanza, cc baadaye. Yamaha DT 125, Honda XL 125 na Kawasaki KLX 150 zinainuliwa na mtu mmoja zikianguka. Honda CRF250L ina kilo 140 na kitu, bado inawezekana. Ile mikubwa ya safari yenye zaidi ya kilo 200 ni mizuri kwenye picha. Ikilala kwenye korongo saa nane mchana utajuta peke yako.

DT na XL nyingi zilikuwa za miradi, za mabwana shamba na watu wa afya, zikaishia kwenye minada. Kabla ya kulipa, linganisha namba ya injini na ya fremu na zile za kwenye kadi. Kisha inua gurudumu la mbele na uugeuze usukani kushoto na kulia: ukihisi unanasa katikati, beringi za shingo zimekwisha. Tikisa gurudumu la nyuma kushoto na kulia pia. Pikipiki ya mradi huwa imebadilishwa oili kwa wakati, lakini bushi za mkono unaoshika gurudumu la nyuma hazijaguswa tangu itoke dukani.

Za motokrosi halisi, yaani za mbio za kiwanja cha vumbi chenye matuta ya kuruka, hazina taa wala kioo, na injini yake inahesabiwa kwa saa za kazi badala ya kilomita. Pistoni inabadilishwa kama mtu anavyobadilisha plagi. Bila kirikuu na mfuko mzito, ziache kwanza.

7. Nimuuzie mtu ile ya lami?

Subiri kiangazi kimoja kiishe. Ukiona haijawashwa mpaka betri imekufa, jibu unalo.

8. Upepo wa tairi uwe kiasi gani?

Hapa ndipo watu wanapopoteza raha bila kujua. Kwenye lami tumezoea psi 28 hadi 32. Kwa upepo huo kwenye mchanga, tairi linakata na kuzama. Njia ya kokoto na mawe, shusha hadi 15 au 18. Mchanga mtupu, 12. Usishuke zaidi ya hapo kama rimu haina kile kibano cha kushika tairi, kwa sababu tairi litazunguka kwenye rimu na kung'oa mdomo wa tyubu.

Mawe nayo yana adhabu yake: ukigonga jiwe kwa mwendo na upepo mdogo, tyubu inabanwa kati ya jiwe na rimu na kutoboka matundu mawili sambamba. Ukiona matundu hayo usitafute mwiba. Ongeza upepo.

9. Miiba je?

Dodoma ni nchi ya migunga. Miiba ni kodi unayolipa. Weka tyubu nene, weka ile dawa ya kuziba ndani, na bado beba tyubu ya mbele ya akiba, vyuma vya kufumulia tairi na pampu ya mkono. Tyubu ya mbele inaingia nyuma kwa shida na kukufikisha nyumbani. Ya nyuma kuingia mbele ni vita. Jizoeze kubadilisha tyubu nyumbani, kivulini, ukiwa umeshiba.

Mwiba wa mgunga ukivunjikia ndani ya tairi hauonekani. Pitisha vidole pole pole kwa ndani kabla ya kurudisha tyubu, la sivyo utaziba pancha ile ile mara mbili.

10. Vumbi linaharibu injini?

Linaua. Chujio la hewa la sponji lisafishwe kila ukitoka kwenye vumbi: lioshe kwa sabuni, likauke, kisha lipakwe oili ya chujio na kukamuliwa. Chujio kavu linapitisha unga laini kama ule wa njia ya Hombolo mwezi wa tisa, na unga huo unakula silinda. Kama mnaenda msafara, acheni nafasi hadi vumbi la wa mbele litulie. Mnyororo usiupake grisi nzito. Grisi na mchanga vikikutana vinakuwa msasa. Spoki zigonge moja moja kwa spana ndogo: inayotoa sauti ya kufa imelegea.

## Wapi na lini

11. Dodoma mtu anaendeshea wapi?

Zamani ulikuwa unatoka nje ya Area D tu umefika. Tangu serikali ihamie na mji kuwa jiji mwaka 2018, njia nyingi za Iyumbu, Njedengwa na Mtumba zimekuwa viwanja, vina mawe ya mipaka na watu wanajenga. Barabara ya mzunguko wa nje nayo, kilomita 112.3, imekata njia nyingine za zamani. Usiilazimishe njia iliyokwisha kuwa uwanja wa mtu.

Anayeanza aende upande wa Hombolo: njia za ng'ombe ni pana, ardhi ni tambarare na unaona mbali. Ila huko na Mpunguzi kuna mashamba ya zabibu, na zabibu zinashikiliwa na nyaya. Waya kwa mtu aliyesimama juu ya pikipiki uko kifuani au shingoni. Kandokando ya shamba la zabibu, kaa chini na uende pole hata kama njia ni nyoofu.

Aliyekomaa apande kaskazini, vilima vya kuelekea Chenene na nchi ya Warangi, Kondoa. Pale ardhi imechimbika vibaya kwa mmomonyoko. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulianza 1973 kwa ajili hiyo, na mwaka 1979 mifugo iliondolewa kabisa kwenye maeneo yaliyoharibika zaidi ya Kondoa. Kwa hiyo kwenye miteremko ya kule usifungue njia mpya. Alama ya tairi moja leo ni mfereji masika ijayo.

Bahi ni majaruba ya watu. Pitia kwenye njia, mpunga uache.

12. Na kiwanja cha mbio?

Dodoma hatuna kiwanja rasmi. Motokrosi hapa nchini imeota mizizi zaidi kaskazini, Arusha na Kilimanjaro. Ukivuka mpaka, Nairobi wana kiwanja cha Jamhuri na Uganda wana Garuga, karibu na Entebbe. Kama ndoto yako ni kiwanja cha lami, kule goti linakogusa chini kwenye kona, inabidi uende mbali: Afrika Kusini wana Kyalami, na Phakisa, Welkom, ambako MotoGP, mbio za ubingwa wa dunia wa pikipiki, ilifanyika kuanzia 1999 hadi 2004.

Wengi wetu tunajitengenezea. Ukipata mwenye shamba lililovunwa akakuruhusu, weka tairi mbovu kumi kama alama, chora mzunguko wenye kona za kulia na kushoto, basi. Kona ya duara iliyorudiwa asubuhi nzima inafundisha kuliko kilomita mia za kwenda mbele. Tuta la kuruka lisiwe la kwanza kujengwa. Tua vibaya kwa urefu wa mita moja na nusu na unaweza kuumia uti wa mgongo. Anza na tuta unaloweza kulivuka bila tairi kuacha ardhi.

Ukialikwa kiwanja cha watu, jua bendera. Njano: kuna hatari mbele, punguza, usipite mtu, usiruke. Bluu: nyuma yako kuna mwenye kasi, mpishe. Nyekundu: acha mara moja. Ya miraba myeusi na myeupe ndiyo mwisho.

13. Nikifika kwenye korongo la mchanga nafanyaje?

Hili ndilo swali namba moja, na ndipo wengi wanapoachia pikipiki.

Kabla hujaingia, inuka usimame juu ya vikanyagio, magoti yakibana tangi. Sogeza makalio nyuma ili tairi la mbele liwe jepesi. Weka gia ya pili au ya tatu na uingie na mafuta yakiwa wazi kidogo, uyashikilie hivyo hivyo. Usukani utacheza kushoto na kulia. Uache ucheze, ushike kama unavyoshika kifaranga. Macho yawe ng'ambo, pale unapotaka kutokea. Anayekata mafuta katikati kwa woga, uzito wote unakwenda mbele, tairi linazama, na yeye anatangulia kufika.

Ukikwama usichimbe. Zima, shuka, ilaze pikipiki upande, fukia shimo la tairi la nyuma kwa mguu, iinue, kisha itembeze ikiwa gia ya kwanza huku wewe uko pembeni.

Jambo moja la hapa kwetu: makorongo yanachimbwa mchanga wa ujenzi. Jumamosi iliyopita palikuwa tambarare, leo kuna shimo la kina cha mtu lenye ukuta wima, na ukiwa chini ya jua la saa sita mchanga wote ni rangi moja, huoni kivuli cha ukingo. Ukiona alama za matairi ya lori zimeshuka korongoni, shuka utembee kwa miguu kwanza.

14. Msimu upi mzuri?

Mvua zetu ni za Desemba hadi Aprili hivi. Mei na Juni ndiyo asali: ardhi ina unyevu kidogo, tairi linashika, vumbi bado. Agosti hadi Novemba ni vumbi na jua. Ondoka saa kumi na mbili asubuhi, saa tano uwe umerudi.

Wakati wa mvua, udongo mweusi wa mbuga unajaa kwenye madigadi mpaka gurudumu linagoma kuzunguka. Na usipumzike ndani ya korongo hata kama kwako ni jua: mvua ikinyesha milimani, maji yanakuja yakiwa ukuta.

## Watu, ardhi na sheria

15. Ni lazima kuomba ruhusa?

Njia ya kijiji inayotumiwa na wote, pita kwa adabu. Mkitaka kuzunguka eneo moja siku nzima, au mko kundi, nendeni kwa mwenyekiti wa kijiji au mtendaji kabla, wala si baada ya malalamiko. Zima injini, vua kofia watu waone uso, salimia. "Mbukwenyi" kutoka kwa mgeni inafungua mlango, na kwa wazee shikamoo haijawahi kupotea. Mzee akisema njia ile msipite kwa sababu kuna msiba, mnageuza.

Ukikutana na ng'ombe, simama kabisa na uzime. Anayechunga mara nyingi ni mtoto, na kundi likitawanyika ni yeye atakayechapwa. Mbuzi ni hatari kwa namna nyingine: amefungwa upande huu wa njia, anakula upande ule, na kamba imelala katikati haionekani. Ukiona mbuzi mmoja ametulia, tafuta kamba.

Ukigonga kuku au mbuzi, simama, ulizia mwenyewe, lipa. Ukikimbia, atakayepita baada yako ndiye atakayeulizwa, na hataulizwa kwa upole.

16. Namba, leseni na bima bado vinahitajika?

Ndiyo, mradi tairi linagusa barabara ya umma, hata ya vumbi. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 haikuandikwa kwa ajili ya lami peke yake. Isiyosajiliwa ibebwe kwenye gari mpaka eneo la kuendeshea. Kuhusu bima, iwe ndogo au kubwa, soma mkataba: mashindano kwa kawaida hayamo.

Mapori ya akiba ya Swagaswaga na Mkungunero yaacheni. Si pa kukata njia ya mkato. Misitu ya hifadhi ya Chenene, uliza wahusika wa misitu kwanza. Michoro ya mapangoni ya Kondoa, iliyoingia Urithi wa Dunia mwaka 2006, inatembelewa kwa miguu na mwongozaji kutoka Kolo. Pikipiki inabaki chini.

## Mwili na ajali

17. Nivae nini, na tukiwa wangapi?

Wawili ni wachache, watatu ndiyo safari: mmoja akiumia, mmoja anabaki naye, mmoja anakwenda kutafuta msaada. Sehemu nyingi hazina mtandao, kwa hiyo nyumbani waachie jina la kijiji mnakokwenda na saa ya kurudi.

Fedha ikiwa ndogo, nunua kwa mpangilio huu: kofia, buti, miwani, kinga ya magoti, glovu, kinga ya kifua. Shirika la Afya Duniani limekuwa likieleza kwamba kofia nzuri inapunguza hatari ya kufa kwa takribani asilimia 40 na ya kuumia vibaya kichwani kwa takribani asilimia 70. Kofia ya mtumba usinunue, hujui iliangukia wapi. Buti za mtumba sawa, zikiwa ngumu hadi chini ya goti. Gambuti hazifai: zinazuia matope, kifundo zinakiacha kijitegemee. Na maji, lita tatu kila mtu.

18. Mwenzetu ameanguka, hainuki. Tufanyeje?

Kwanza mmoja arudi nyuma kuzuia wanaokuja. Msimvute kumsimamisha, hata akisema yuko sawa, mpeni dakika. Akilalamika shingo au mgongo, au ganzi kwenye miguu, asisogezwe mpaka apatikane usafiri wa kumlaza. Akiwa anapumua vizuri, kofia ibaki. Ikilazimu kuitoa kwa sababu hapumui, mmoja ashikilie shingo kwa mikono miwili, mwingine avute kofia taratibu.

Mjini kuna Hospitali ya Benjamin Mkapa na ya Rufaa ya Mkoa. Mkiwa upande wa Mvumi, hospitali ya misheni iko karibu zaidi. Kuhusu wazee wanaounga mifupa kwa dawa na vijiti: piga picha kwanza. Mtulinga unaweza kuunga wenyewe ukiwa kwenye kitambaa. Kifundo cha mkono kikiunga kikiwa kimepinda, hutashika klachi tena.

## Maswali ya pembeni

19. Nina miaka hamsini na kitu. Nimechelewa?

Hapana, ila mapafu na mapaja ndiyo yatakayoamua. Dakika ishirini za kusimama kwenye mchanga ni kazi kuliko saa tatu za kukaa kwenye lami. Wazee wanaanguka kidogo kwa sababu hawana wa kumwonyesha.

20. Mimi ni dada mfupi, miguu haifiki chini.

Mguu mmoja unatosha. Simama pale penye mwinuko upande wa kushoto, telemsha kalio upande huo. Fundi mzuri anaweza pia kupunguza sponji ya kiti.

21. Wenzangu wa zamani wamenialika Iringa kwa lami. Niende?

Nenda ukipenda, hakuna atakayekufuta kwenye orodha. Ila rudisha upepo kabla ya kutoka mjini, angalau psi 28, na kumbuka tairi za meno zinashika lami vibaya, hasa ikiwa na unyevu: nafasi ya kufunga breki inakuwa ndefu kuliko uliyozoea na kwenye kona utahisi pikipiki inatambaa. Kaa nyuma ya msafara. Mkifika Mtera na wakataka kusimama kununua samaki, kagua boliti za sproketi na spoki kwa mkono. Mtikisiko wa meno kwenye lami kwa saa nzima unazilegeza kuliko mchanga.